Mbio za mbwa zilianzia Ayalandi kweli?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mkazi wa Mombasa. Kwenye maduka ya kubeti hapa mtaani kwetu huwa naona mbio za mbwa kwenye skrini, zile zinazotengenezwa na kompyuta. Shemeji yangu anafanya kazi Limerick, na ananiambia kuwa mbio za mbwa za kweli zilianzia huko Ayalandi, tena mpaka leo mbwa wanaachiwa kumkimbiza sungura hai na serikali inatoa ruhusa. Nilidhani ananitania. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, ilikuwaje nchi ndogo vile ikapata jina kubwa hivyo kwa mbwa?"

Jibu:

Marahaba, ndugu yangu. Shemeji yako hakutanii, ila amechanganya mambo mawili. Mbio za uwanjani, zile za mbwa sita wakimfuata sungura bandia anayeteleza kwenye reli, hazikuanzia Ayalandi. Mtambo wake ulibuniwa Marekani, na Ulaya biashara yenyewe ilianza Uingereza. Ayalandi ilichotoa ni mbwa. Iliweza kuwatoa haraka na kwa wingi kwa sababu tayari kulikuwa na wakulima waliokuwa wakimfuga mnyama huyo kwa kazi nyingine, nayo ni hiyo ya kukimbiza sungura hai. Kazi hiyo ipo mpaka leo na katika Jamhuri ya Ayalandi ni halali. Kwa hiyo tuanzie shambani, uwanja utafuata.

Mbwa mwenyewe ni greihaundi: kifua kirefu, kiuno cha nyigu, miguu mirefu, na anawinda kwa macho, si kwa pua. Akikaza mbio hupita kilomita 60 kwa saa. Arrian, aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 2, alieleza jinsi Wakelti walivyokuwa wakiachia mbwa wawili nyuma ya sungura, na akasisitiza kwamba mwindaji wa kweli hatoki kwenda kuua sungura bali kuona mbio. Hoja hiyo imeendelea kutolewa kwa karne nyingi, na bado utaisikia kaunti ya Tipperary, Ayalandi, wiki yoyote ya majira ya baridi, mara nyingi kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kusikia jina la Arrian.

Waingereza ndio walioigeuza desturi hiyo kuwa mashindano yenye sheria. Zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza Duke wa Norfolk, lordi mkubwa, anasemekana kuandika kanuni zake, mwaka 1776 ikaanzishwa klabu ya Swaffham, na kuanzia 1836 yakafanyika mashindano makubwa kuliko yote, Kombe la Waterloo, kwenye mashamba ya Altcar karibu na Liverpool. Mfumo wao ulikuwa wa mashamba ya wazi. Sungura anafurushwa kutoka majanini, mbwa wawili wanaachiwa, na jaji aliyepanda farasi anahesabu pointi: nani alimfikia kwanza, nani alimlazimisha kukata kona, mara ngapi.

Ayalandi ilifuata njia tofauti kidogo, na tofauti hiyo inaeleza mengi. Kule mashindano hufanyika ndani ya uwanja uliozungushiwa uzio. Wiki kadhaa kabla, wanachama wa klabu hutoka na nyavu kukamata sungura wa porini, wale wa Kiayalandi wenye masikio mafupi kidogo na manyoya mekundu-kahawia. Huwekwa kwenye boma, hulishwa, hukaguliwa na daktari wa mifugo, na huzoeshwa kukimbia kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine, ambako kuna sehemu ya kuponea: uzio ambao sungura hupenya chini yake na mbwa hawezi.

Siku ya mashindano utamwona mtu mmoja katikati ya uwanja amesimama nyuma ya kibanda kidogo. Huyo ndiye mwachiaji. Mkononi ana kamba moja yenye kola mbili, na mbwa wawili wamesimama kwa miguu ya nyuma wakimvuta karibu wamwangushe. Mmoja amevaa kola nyekundu, mwingine nyeupe. Sungura anapita pembeni yao, anaachwa atangulie mita zaidi ya sabini, kisha mwachiaji anakimbia hatua chache na kuvuta kitanzi. Kola zote mbili zinafunguka kwa pamoja. Hapo hakuna hesabu ndefu ya pointi. Mbwa wa kwanza kumfanya sungura ageuke ndiye mshindi, na jaji juu ya farasi anapunga kitambaa chekundu au cheupe. Yote yamekwisha kabla ya nusu dakika. Kwenye jukwaa wapokea dau wamesimama juu ya visanduku vyao wakipaza viwango vipya kwa jozi inayofuata.

Mfumo huu wa ndani ya uzio haukubuniwa Ayalandi. Waingereza waliujaribu Plumpton kuanzia 1876 na kwenye viwanja vingine vya farasi, wakauchoka, wakarudi kwenye mashamba ya wazi. Waayalandi waliushika kwa sababu uliwafaa. Mkulima mwenye ekari chache hana shamba la Altcar, lakini klabu ya kijiji inaweza kukodi malisho, ikauza tiketi mlangoni na ikawaweka watu wote pahala pamoja. Baada ya kutazama historia hii kwa muda mrefu, naona uamuzi huo mdogo wa kiutendaji ndio uliofanya mbwa wa mbio awe mnyama wa watu wa kawaida kule, wakati Uingereza alibaki kwa miaka mingi kuwa mchezo wa mabwana na wageni wao.

Kabla ya hapo, hata Ayalandi alikuwa wa mabwana. Kwa muda mrefu sheria za mawindo zilimpa mwenye ardhi haki ya sungura, na mpangaji aliyemgusa alijitafutia balaa. Sheria ya mwaka 1880 ndiyo iliyompa mpangaji haki ya kumwinda sungura kwenye shamba analolima. Kisha zikaja sheria za ardhi, kubwa ikiwa ile ya 1903, zilizowawezesha wapangaji kununua mashamba yao kutoka kwa mabwana. Ukichora ramani ya vijiji vilivyokuja kuwa na klabu za mbwa, Tipperary, Limerick, Kerry, Cork, unajikuta umechora ramani ya wakulima hao waliopata ardhi yao.

Katikati ya mabadiliko hayo ndipo anapotokea mbwa maarufu kuliko wote wa zama zile, Master McGrath. Alizaliwa mwaka 1866 kwenye nyumba ya mkufunzi James Galwey, karibu na Dungarvan, kaunti ya Waterford. Alikuwa mdogo na dhaifu. Inasimuliwa kwamba iliamuliwa azamishwe majini na kijana yatima aliyekuwa akiwatunza mbwa, jina lake McGrath, akaomba aachiwe; ndiyo maana mbwa akachukua jina la kijana. Mmiliki wake alikuwa Lord Lurgan, bwana mkubwa wa kaunti ya Armagh kule kaskazini.

Mwaka 1868 mbwa huyu mdogo, mwenye uzito wa kilo 24 na kitu, alivuka bahari na kushinda Kombe la Waterloo. Akarudia 1869. Mwaka 1870 palikuwa na baridi kali. Akiwa mbioni alipasua barafu ya mto Alt akatumbukia, akaokolewa akiwa nusu kufa. Hiyo ndiyo mara pekee aliyoshindwa katika mbio 37 za maisha yake. Bwana wake alikuwa ameapa kutomkimbiza tena, lakini 1871 akamrudisha na mbwa akachukua kombe la tatu. Malkia Victoria akaomba aletwe Windsor amwone. Baadaye akafa, na madaktari waliompasua wakasema moyo wake ulikuwa mkubwa kama mara mbili ya wa mbwa wa kawaida.

Angalia mambo yalivyogeuka hapo. Mbwa ni mali ya lordi, mtu wa tabaka lile ambalo miaka michache baadaye wapangaji wangepambana nalo juu ya kodi za mashamba. Lakini nyimbo zilizotungwa juu yake ziliimbwa na hao hao wapangaji, kwa sababu alikuwa ameenda Uingereza na kuwashinda Waingereza nyumbani kwao, tena akiwa na jina la yatima wa Waterford. Mnara wake wa mawe upo mpaka leo kando ya barabara karibu na Dungarvan.

Mwaka 1916 Waayalandi wakaunda chombo chao, Klabu ya Kukimbiza Sungura ya Ayalandi, na makao yake yakawa Clonmel, Tipperary. Ni mwaka uleule wa Uasi wa Pasaka, Waayalandi walipoinuka dhidi ya utawala wa Uingereza, ingawa mimi sisemi mambo hayo mawili yameshikana mikono. Kabla ya hapo walikuwa chini ya klabu kuu ya Uingereza. Mwaka 1923, nchi ikiwa imetoka tu kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, klabu ikaanza kuweka daftari lake la nasaba za mbwa. Usilichukulie daftari hilo kama karatasi za makarani tu. Mbwa asiye na ukoo ulioandikwa hauziki nje, na aliyeandikwa anauzika popote. Mpaka leo klabu ileile ya kukimbiza sungura ndiyo inayosajili kila mbwa wa mbio anayezaliwa Ayalandi, hata yule ambaye hatamwona sungura hai maishani mwake. Mbwa wa Kiayalandi hupigwa chale ya herufi kwenye masikio yote mawili, wa Kiingereza kwenye sikio moja. Ingia banda lolote Uingereza, inua masikio, utajua ametoka wapi bila kuuliza.

Sasa twende uwanjani.

Mmarekani Owen Patrick Smith alihangaika kwa miaka mingi na sungura wa mashine, na mwaka 1919 akafungua uwanja Emeryville, California. Wazo hilo likavuka bahari, na tarehe 24 Julai 1926 uwanja wa Belle Vue ukafunguliwa Manchester. Usiku wa kwanza walikuja watu 1,700 hivi. Baada ya wiki chache walikuwa wakimiminika kwa maelfu. Haishangazi. Mbio za farasi zilikuwa mchana, mbali na mji, na mfanyakazi wa kiwandani alikuwa kazini. Mbio za mbwa zilikuwa usiku, chini ya taa, umbali wa nauli ya tramu, na kiingilio alikimudu. Tena Uingereza wakati huo kubeti kwa pesa taslimu nje ya uwanja kulikuwa kosa la jinai, kwa hiyo uwanja wenyewe ndio uliokuwa mahali pa halali pa mtu wa kipato cha chini kuweka dau lake.

Hapa utapenda kujua jambo moja linalohusu maduka unayoyaona mtaani kwenu. Ayalandi ilihalalisha maduka ya kubeti mwaka 1926 kwa sheria ya Bunge lake changa. Uingereza ilingoja mpaka miaka ya 1960. Dola ile mpya ilikuwa kali sana kwenye vitabu na sinema, lakini kwenye dau iliona heri itoze kodi kuliko kufukuzana na watu vichochoroni.

Mbio za uwanjani zilifika kisiwa hicho mwaka 1927. Aprili ulifunguliwa Celtic Park, na shabiki wa soka asikurupuke: huu si ule wa Glasgow, ni wa Belfast, uliokuwa nyumbani kwa klabu ya Belfast Celtic. Mwezi uliofuata ukafunguliwa Shelbourne Park, Dublin, ambao bado unafanya kazi. Mwaka 1928 ukafuata Harold's Cross, Dublin hiyohiyo. Na nani aliendesha mbio hizo mpya? Klabu ileile ya Clonmel. Kwa miaka thelathini watu wa kukimbiza sungura ndio waliotoa kanuni za sungura wa umeme.

Zile rangi unazoziona kwenye skrini zimetoka kwenye viwanja hivi. Namba 1 huvaa fulana nyekundu, 2 ya bluu, 3 nyeupe, 4 nyeusi, 5 ya rangi ya chungwa, na 6 ya milia nyeusi na nyeupe. Huo ndio utaratibu wa Uingereza na Ayalandi, na watengenezaji wengi wa mbio za kompyuta wameunakili kama ulivyo. Mbwa wa skrini hana ukoo, hana mkufunzi, na matokeo yake yanatolewa na programu ya kubahatisha, kwa hiyo anayekuuzia "mkeka wa uhakika" wa mbwa hao anakuibia mchana kweupe. Lakini nguo alizovaa ni za kweli.

Mbwa aliyeufanya mchezo huu kuwa wa taifa zima alizaliwa Juni 1926, mwezi mmoja tu kabla Belle Vue haijafunguliwa. Alizaliwa Killeigh, kijiji cha kaunti ya Offaly, nyumbani kwa padri wa parokia, Martin Brophy. Ndiyo, padri. Usishangae sana, mapadri wa vijijini walikuwa na nafasi, na nyumba yenye uwanja, na wengi walikuwa na mbwa. Mtoto huyo alikuwa mdogo kuliko ndugu zake wote. Akaitwa Mick the Miller kwa heshima ya mtu mmoja aliyekuwa akifanya kazi ndogondogo kwa padri, na inasimuliwa kwamba alitetewa asitupwe. Utaona hadithi hii inafanana mno na ile ya Master McGrath, na mimi huwa nazichukua zote mbili kwa tahadhari, maana wapenda mbwa hupenda sana mnyonge aliyeokolewa. Kilicho wazi ni kwamba aliugua homa kali ya mbwa iliyokuwa ikiua mabanda mazima siku zile, akatibiwa na daktari Arthur Callanan pale Shelbourne Park, akapona.

Mwaka 1929 padri alimpeleka London kwenye Derby ya Kiingereza, mashindano makuu ya mbio za mbwa nchini humo, uwanja wa White City. Kwenye raundi ya kwanza akakimbia yadi 525, mita 480 hivi, kwa sekunde 29.82. Kabla yake hakuna mbwa aliyekuwa amewahi kushuka chini ya sekunde 30 kwa umbali huo. Papo hapo watu wakaanza kumzunguka padri na pesa, na mpokea dau mmoja aitwaye Albert Williams akamnunua kwa gini 800. Gini moja ilikuwa pauni moja na shilingi moja. Kwa kijiji cha Offaly wakati ule hiyo ilikuwa mali ya kujengea.

Fainali ndiyo inayonivutia zaidi. Kwenye kona ya kwanza mbwa waligongana, Mick alikuwa hana matumaini, na wasimamizi wakafuta mbio na kuamuru zirudiwe. Waliporudia, akashinda. Mwaka 1930, akiwa ameuzwa tena, safari hii kwa gini 2,000, akashinda Derby ya pili. Mwaka 1931, akiwa na umri ambao mbwa wengi wameshastaafu, alivuka mstari wa kwanza kwenye fainali ya tatu, uwanja mzima ukalipuka kwa shangwe, kisha tangazo likatoka: kulikuwa na rabsha njiani, mbio zirudiwe. Hakuwa na pumzi ya kukimbia tena. Mbwa aitwaye Seldom Led akachukua kombe. Kanuni iliyompa taji la kwanza ndiyo iliyompora la tatu, na wazee wa mchezo huu bado wanabishana kama ilikuwa haki.

Alimaliza kwa kushinda St Leger, mashindano mengine makubwa, pale Wembley mwaka huohuo, akaigiza kwenye filamu, na alipokufa 1939 ngozi yake ikajazwa na kuhifadhiwa. Yuko kwenye jumba la makumbusho ya viumbe huko Tring, kaskazini-magharibi ya London, amesimama ndani ya kioo. Killeigh nao wamemchongea sanamu katikati ya kijiji.

Ona sasa biashara ilivyokaa. Mbwa amezaliwa kwenye kijiji cha Ayalandi, amejaribiwa Dublin, ameuzwa London. Mick ndiye aliyefungua njia hiyo, na maelfu wakapita nyuma yake. Derby ya Ayalandi ilitambuliwa rasmi kuanzia 1932, na bingwa wake mkubwa ni Spanish Battleship kutoka Kerry, aliyeshinda mara tatu mfululizo, 1953, 1954 na 1955. Hakuna mwingine aliyefika hapo. Mmiliki wake, Tim O'Connor wa Killorglin, alikuja kuwa mbunge. Lakini pesa kubwa ilikuwa ng'ambo. Mkulima mdogo aliweza kumlea mbwa kwa uji wa shayiri, maziwa na mabaki ya nyama, akamzoesha kwa kutembea naye maili kadhaa kila siku barabarani, na akipatikana mmoja mwenye kasi, mnunuzi wa Kiingereza alilipa kuliko bei ya ng'ombe kadhaa.

Serikali iliona pesa hiyo, ikaona pia ujanja: mbwa wanaobadilishwa majina, wanaolishwa kupita kiasi kabla ya mbio ili wapunguze kasi, wapokea dau wasioguswa na mtu. Mwaka 1958 Bunge likapitisha Sheria ya Sekta ya Mbwa wa Mbio na kuunda bodi ya serikali, Bord na gCon, yenye makao Limerick, huko huko kwa shemeji yako. Bodi ikachukua viwanja na kuendesha dau la pamoja, lile ambalo pesa zote zinaingia chungu kimoja na kugawiwa walioshinda. Klabu ya Clonmel ikabaki na sungura na daftari la nasaba. Kaskazini mwa mpaka, yaani Ayalandi Kaskazini iliyobaki chini ya Uingereza, ambako mkono wa bodi haufiki, klabu iliendelea kusimamia hata viwanja.

Tangu sheria ya 2001 mchezo huu unaishi kwa mfuko wa umma unaotokana na kodi ya dau: farasi wanapata 80%, mbwa 20%. Hapo ndipo ugomvi ulipohamia. Zamani mpinzani alisema, "mchezo wenu siupendi." Siku hizi anasema, "mnauendesha kwa kodi yangu." Ana hoja. Watazamaji wamepungua, ardhi ya mijini imepanda bei, na Harold's Cross ulifungwa 2017 ili uuzwe na bodi ilipe madeni, ambayo sehemu kubwa yalitokana na kujenga uwanja mpya Limerick. Belfast, ambako yote yalianzia, Celtic Park ulishafungwa tangu 1983.

Kilichouumiza mchezo zaidi ni mwaka 2019. Televisheni ya taifa, RTÉ, ilitoa uchunguzi ulionukuu ripoti iliyoagizwa na bodi yenyewe miaka miwili nyuma, ikikadiria kwamba mbwa kama 6,000 walikuwa wakiuawa kila mwaka kwa sababu hawakuwa na kasi ya kutosha. Wadhamini wakajiondoa. Bunge lilikuwa tayari limepitisha sheria mpya mwaka huo. Bodi ikapewa jina jipya, Rásaíocht Con Éireann, ikatakiwa kufuatilia kila mbwa tangu kuzaliwa hadi kustaafu na kugharimia kuwatafutia waliostaafu nyumba za kuishi.

Ukiniuliza mimi, tatizo hilo halikuanza kwa watu wakatili wachache. Lilikuwemo ndani ya biashara ya kuuza nje tangu siku padri Brophy alipozungukwa na wanunuzi White City. Ukizalisha mbwa kwa ajili ya soko linalotaka mmoja mwenye kasi kati ya wengi, hao wengi lazima waende mahali. Wakulima wa zamani walikuwa na mbwa wawili watatu na waliwajua kwa majina. Soko lilipotaka maelfu, hesabu ilibadilika, na sheria ilichelewa mno kuifuata.

Na sungura je? Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 mbwa walikimbia midomo ikiwa wazi, na sungura wengi walikufa mbele ya jukwaa. Mwaka 1993 mbunge wa Dublin, Tony Gregory, alipeleka muswada wa kupiga marufuku. Ulianguka, lakini kelele zake zilizaa matunda: kuanzia msimu uliofuata mbwa wote walilazimika kuvaa kifungio cha mdomo. Vifo vikapungua sana. Havikuisha, kwa sababu mbwa wa kilo 30 akimgonga sungura kwa kasi ile anaweza kumvunja hata bila meno.

Majirani wote wamekwishaacha. Scotland walipiga marufuku 2002. Uingereza na Wales sheria ilianza kutumika Februari 2005, na Kombe la Waterloo likakimbizwa kwa mara ya mwisho siku chache tu kabla, baada ya karibu miaka 170. Ayalandi Kaskazini walifuata 2011. Jamhuri peke yake ndiyo iliyobaki. Mwaka 2016 mbunge Maureen O'Sullivan alijaribu tena, na muswada wake ukaangushwa kwa kura 114 dhidi ya 20. Vyama viwili vikubwa vya jadi vina mizizi vijijini, na hakuna mbunge wa Tipperary au Kerry anayetaka kusimama mlangoni kwa wapigakura akiwa amefunga klabu ya parokia. Mbio za uwanjani nazo zinabanwa duniani: Florida zilikoma mwisho wa 2020 baada ya wananchi kupiga kura, na serikali za New Zealand na Wales zimeshatangaza nia ya kuzimaliza.

Hata hivyo usidhani ulinzi wa Jamhuri ni imara kama kura zile zinavyoonyesha. Sungura wa Kiayalandi analindwa na Sheria ya Wanyamapori ya 1976, na kumkamata kwa nyavu ni kosa mpaka uwe na leseni. Kila mwaka kabla ya msimu, ambao huanza mwishoni mwa Septemba na kuisha mwisho wa Februari, klabu ya Clonmel hulazimika kuomba leseni hiyo kwa waziri anayehusika na wanyamapori. Agosti 2019 ugonjwa wa virusi unaoua sungura ulipoonekana nchini, leseni zilisimamishwa, na klabu zikakaa na nyavu zao zikisubiri. Bila sungura hakuna mashindano, hata kama sheria haijaguswa. Baadaye ziliruhusiwa kwa masharti na kwa maeneo. Kwa hiyo wapinzani wenye akili siku hizi hawahesabu tena kura za Bunge peke yake. Wanamwandikia waziri. Shemeji yako akitaka kujua kama Clonmel watakimbiza mwakani, aangalie kama leseni imetoka, na kwa masharti gani.